Jina Kwenye Droo, Kinyago Kisicho na Jina

Kuna kipindi cha televisheni cha BBC kinaitwa Antiques Roadshow. Kilianza mwaka 1979 na hadi leo kinarushwa. Waingereza wanatoa vitu vya zamani kwenye stoo za bibi zao, wanapanga foleni mbele ya wataalamu, kila mtu anaambiwa historia ya kitu chake na bei yake, kisha anarudi nyumbani. Basi. Hakuna mpira, hakuna mapenzi, hakuna risasi. Na watu hawabanduki kwenye makochi.

Kitazame kwa makini siku ukikipata. Likiletwa kabati la vitabu la mahogani, lile refu lenye milango ya vioo juu na droo chini, mtaalamu hahangaiki kwanza na urembo. Anavuta droo. Anapapasa ukingo wake wa juu, anaigeuza, anachungulia mgongo wa kabati. Unajua anatafuta nini? Jina.

Kabati lisilo na jina ni kabati la zamani. Kabati lenye jina ni historia, na historia ina bei yake mnadani.

Nimekuwa nikizunguka Masasi na Newala kikazi, na swali hili la jina limenikaa kichwani tangu huko. Masasi iko chini, kati ya majabali yake makubwa yanayofanana na tembo waliolala. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma likikimbilia Msumbiji. Wamakonde wa pande zote mbili za mto huu wametoa kazi za mbao zinazojulikana Tokyo, New York na Paris. Sasa nitajie fundi mmoja, mmoja tu, aliyekuwa akichonga vinyago Newala miaka mia moja na ushee iliyopita.

Nakupa dakika tano.

Umeshindwa? Usijali, hata maprofesa watakuna vichwa. Ila ukiniuliza nani alikuwa anatengeneza makabati Lancaster, Uingereza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, nakujibu bila kupepesa macho. Tuanzie huko, maana bila kumwelewa yule wa Lancaster hatutaelewa tumepoteza nini Newala.

Lancaster ni mji wa kaskazini magharibi mwa Uingereza, una mto na ulikuwa na bandari. Karibu mwaka 1730 seremala aitwaye Robert Gillow alianzisha karakana pale. Alikuwa seremala, lakini pia mfanyabiashara kwelikweli. Meli zilitoka Lancaster kwenda visiwa vya Karibi zikiwa na samani zake, zikarudi na sukari, pombe ya ramu na magogo ya mahogani. Magogo yakageuzwa meza, viti na makabati, na mengine yakarudishwa kuuzwa kulekule yalikotoka magogo. Inakukumbusha kitu? Mtu wa Newala anauza korosho ghafi, halafu mwanawe anazikuta supamaketi ya Dar zikiwa kwenye pakiti yenye jina la mtu mwingine. Haya.

Kwa nini mahogani? Kwanza, mti ule unanenepa, kwa hiyo ubao mmoja unaweza kutosha mlango mzima bila kuunga. Pili, mbao zake zikikauka hazijipindi, jambo ambalo kila aliyewahi kununua mlango wa mbao mbichi kando ya barabara atalielewa. Tatu, wadudu hawaupendi. Nne, ukiupiga msasa na kuupaka nta unang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka kwenye makoloni yake ya Amerika, mahogani ikawa rahisi kuingiza, na baada ya muda kila tajiri akaitaka sebuleni.

Zama hizo vitabu navyo vilikuwa vinaongezeka. Tajiri wa karne ya 18 alihitaji mahali pa kuviweka, na zaidi ya hapo mahali pa kuvionyesha. Ndiyo maana milango ya makabati yale ni ya vioo: mgeni aione migongo ya ngozi iliyoandikwa kwa dhahabu, hata kama mwenye nyumba hajafungua kurasa. Tusimcheke. Hata Bongo tunao wenye seti nzima za ensaiklopidia ambazo hazijawahi kutoka kwenye nailoni.

Sasa sikiliza hii. Kampuni ya Gillow ilikuwa na tabia mbili. Tabia ya kwanza, mwishoni mwa karne ya 18 walianza kugonga muhuri kwenye samani zao, mara nyingi ukingoni mwa droo: GILLOWS LANCASTER. Tabia ya pili, na hii ndiyo iliyonishika zaidi, waliandika. Kuanzia miaka ya 1780 walikuwa na madaftari ambamo kila samani muhimu ilichorwa, ikaandikwa imekula mbao kiasi gani, gundi kiasi gani, bawaba ngapi, fundi amelipwa kiasi gani. Na jina la fundi mwenyewe. Siyo bosi tu. Yule aliyeshika randa na patasi.

Madaftari hayo yapo mpaka leo London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Westminster. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama mbele ya kabati lenye umri wa miaka mia mbili na ishirini, akafungua ukurasa, akamtaja aliyelitengeneza.

Angalia hapo kwa makini. Gillow hakuwa anaandika historia, wala hakuwa anawaenzi mafundi wake. Alikuwa anapiga hesabu asije akala hasara. Jina la fundi limeishi karne mbili kwa sababu ya daftari la mishahara!

Hata Thomas Chippendale, fundi mashuhuri kuliko wote, ambaye mwaka 1754 alitoa kitabu cha michoro ya samani kilichomfanya ajulikane mpaka ng'ambo ya bahari, hakuwa na kawaida ya kugonga muhuri. Kazi zake zinatambuliwaje? Kwa ankara. Kwenye majumba ya mabwanyenye zimebaki karatasi zinazosema bwana fulani anadaiwa kiasi fulani kwa kitu fulani. Karatasi ikikutana na kabati, jina linapatikana.

Mojawapo ya majumba hayo ni Harewood House, kule Yorkshire, ambako Chippendale alipata kazi kubwa kuliko zote maishani mwake. Mwenye jumba alikuwa Edwin Lascelles. Na pesa za familia ya Lascelles zilitoka wapi? Kwenye sukari ya Karibi. Yaani kwenye migongo ya Waafrika waliokuwa watumwa.

Hapa ndipo yale madaftari mazuri ya Lancaster yanapoanza kuninyima usingizi. Fundi wa randa yumo. Bei ya gundi imo. Aliyekata mti hayumo.

Mahogani nyingi iliyokwenda Uingereza ilitoka kwanza Jamaika, na baadaye ikaanza kutoka pwani ya Honduras, nchi ambayo leo inaitwa Belize. Kule miti ilikatwa na Waafrika watumwa. Walikuwa na mtaalamu wao, mtafutaji. Kazi yake ilikuwa kuingia msituni peke yake, kupanda juu ya mti mrefu kuliko yote na kutazama mbali, akiitambua mahogani kwa rangi ya majani yake. Kisha anashuka na kutembea moja kwa moja hadi penye mti, kwenye msitu usio na njia. Wenzake wanajenga jukwaa kuuzunguka ule mti, maana shina lake chini limetanuka mno, halafu wanaukata kwa mashoka wakiwa wamesimama juu. Magogo yalikokotwa na maksai usiku kwa mwanga wa mienge kwa sababu mchana joto halivumiliki, hadi mtoni, yakasubiri mafuriko yayachukue hadi baharini.

Mtu mwenye utaalamu wa namna hiyo leo tungemwita bingwa. Jina lake haliko kwenye droo yoyote. Belize imemkumbuka kwa namna yake: bendera ya nchi hiyo ina mti wa mahogani na wakata miti wawili. Ni sura ya wote na si jina la yeyote.

Umeshaanza kuona ninakokupeleka? Twende Masasi.

Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1833 ikapitisha sheria ya kuondoa utumwa kwenye makoloni yake mengi. Baada ya hapo manowari zake zikaigeukia Bahari ya Hindi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alibanwa akasaini mkataba na soko la watumwa likafungwa. Watu waliokutwa kwenye majahazi walishushwa Zanzibar, na wengi walikabidhiwa kwa wamisionari wa UMCA. Hawa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watu wa bara la kusini ambao njia yao ya utumwa ilipita Kilwa na bandari za jirani.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu hao, wakashukia Lindi na kupanda bara. Lengo lilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji, na wengine walijiona kama wamefika nyumbani. Wakaweka makazi. Kwa hiyo mji wa Masasi kama tunavyoujua una mzizi kwa watu waliokuwa na bei, kisha wakaacha kuwa na bei.

Steere alikuwa mtu wa vitabu. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na alisimamia mitambo ya kuchapa Zanzibar. Kwa hiyo karatasi na kalamu zilifika kusini mapema. Na kwenye karatasi za misheni majina yameandikwa, ila mara nyingi na jina la kizungu limebandikwa mbele: John Swedi, Cecil Majaliwa. Huyu Majaliwa alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri, akafanya kazi Chitangali, huku huku kwetu. Tunamjua kwa sababu aliandikwa.

Newala nayo inaingia kwenye kumbukumbu hizo kwa msiba. Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka. Mmisionari Chauncy Maples akahamia Newala, kwa chifu Matola. Kwa wazungu ukawa mwanzo wa Newala ya kwenye vitabu. Kwa Wamakonde wa uwandani haukuwa mwanzo wa kitu chochote. Walikuwepo, wakilima, wakifuata maji mabondeni kwa mwendo mrefu, na wakichonga.

Walichonga nini? Siku hizi ukisema Kimakonde mtu anafikiria mpingo mweusi wa Mwenge. Lakini vile vya zamani vilikuwa vingine: vinyago vya kuvaa kwenye ngoma za jando na unyago, vilivyochongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuruka navyo. Vingine vilikuwa vya kuvaa kifuani na tumboni, vikiwa na umbo la mwanamke mjamzito. Kinyago cha kichwani kinaitwa lipiko, na vikiwa vingi ni mapiko.

Mwaka 1906 alifika mtu aliyevitaka. Jina lake Karl Weule, Mjerumani, kutoka makumbusho ya Leipzig. Hata hakuwa amepanga kuja kusini. Alitaka kwenda Kondoa Irangi, lakini kule kulikuwa na fukuto, akashauriwa aelekee bara la Lindi. Fikiria: Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, misheni ya Masasi ilichomwa, na mtu anakuja kufanya utafiti kabla majivu hayajapoa. Alizunguka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta kwa miezi kadhaa, akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kurekodi sauti. Alinunua vitu vingi vikaenda Leipzig. Mwaka 1908 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza.

Nisimwonee. Weule alikuwa mtu wa zama zake, na maneno yake mengi kuhusu mababu zetu hayamezeki. Lakini ukipitia picha za kitabu chake unakuta jambo la ajabu. Aliwagawia watu penseli na karatasi wachore. Na chini ya michoro hiyo aliandika majina: huu kauchora Pesa Mbili, mpagazi wa Kinyamwezi, huu Barnabas, Mmwera msomi wa Lindi, huu Salim Matola. Zaidi ya miaka mia imepita na bado namjua Pesa Mbili kuwa alichora msafara ukiwa njiani.

Sasa geuza hadi kwenye vinyago. Kimeandikwa nini? Wamakonde. Basi. Mtu aliyechora kwa penseli dakika kumi ana jina. Mtu aliyekaa siku kadhaa na tezo, akautoa uso wa binadamu kwenye gogo, ana kabila.

Kwa nini? Nimelifikiria sana hili, na sitaki kumtupia mzungu lawama zote kama tulivyozoea. Kuna sababu ya kwetu wenyewe. Lipiko lilikuwa siri. Lilichongwa na kufichwa mbali na macho ya wanawake na watoto, na likitokea uwanjani halikuwa kazi ya fulani bin fulani. Lilikuwa mzimu umekuja kucheza. Ukigonga muhuri wa fundi kwenye mzimu, umeua ngoma. Tena kijijini nani alihitaji muhuri? Wanaume waliopita jando walimjua mchongaji, walijua mkono wake, walijua mpaka mti aliokata. Jina lilikuwepo, ila liliishi vichwani na halikuandikwa mahali.

Tatizo linaanza pale kinyago kinapotoka kijijini. Kabati la Gillow likihama nyumba linahama na jina lake. Lipiko likihama, jina linabaki na wazee, wazee wanakufa, na jina linakufa nao. Mnunuzi alikuwa na nafasi moja ya kuuliza, na hakuuliza, kwa sababu kwake alikuwa ananunua kabila.

Unaweza kuniambia: hayo ni mambo ya sentimenti tu, yana faida gani? Nitakujibu kwa kisa cha wizi.

Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaondoka na vitu kadhaa. Kimojawapo kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata, 1985, makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua Paris. Ilipofika mwaka 1990 ikajulikana kwamba kile kilichoko Geneva ndicho kile kilichoibwa Dar. Mazungumzo yakaanza, yakakatika, yakaanza tena, suala likafika UNESCO, likaingiliwa kati na ICOM, ambalo ni baraza la kimataifa la makumbusho. Hatimaye Mei 2010 makubaliano yalisainiwa Paris na kinyago kikarudi nyumbani. Hesabu mwenyewe: miaka 26.

Kwa nini kiliweza kurudi? Kwa sababu Makumbusho ya Taifa yalikuwa yamekiandika. Kilikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ilipokutana na kinyago, ubishi ulikosa miguu. Ni habari ileile ya ankara ya Chippendale. Kitu kisichoandikwa kikiibwa hakijaibwa, kimepotea tu. Unaweza kulia, lakini huwezi kudai.

Na mbao zenyewe ni vivyo hivyo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, njia ya kusini ilifunguka na malori ya magogo yakaongezeka. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu biashara hiyo. Lililinganisha takwimu na kukuta China imeandika kupokea mazao ya mbao ya Tanzania mara kumi ya yale ambayo Tanzania imeandika kuyapeleka huko. Mara kumi! Magogo yalivuka bahari, na kwenye daftari letu hayakuwahi kuondoka. Mwenzetu Gillow alihesabu mpaka bawaba.

Mahogani ya Gillow nayo imeonja mwisho wake. Ile ya Amerika ilivunwa mno, na tangu 2003 biashara ya ile yenye majani makubwa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mwaka 2017 jamii nzima ya mipingo iliingizwa kwenye udhibiti huohuo. Kwa hiyo kinyago cha mpingo kilichopo sebuleni kwako kinaelekea kuwa kile ambacho kabati la mahogani lilikuwa kwa Mwingereza: kitu cha mti adimu. Wajukuu zako watakigeuza chini kutafuta jina. Watakuta nini?

Inawezekana kubaki na majina, na tuna ushahidi. Miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde, wengi wao wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji kukimbia shida za Mreno na kutafuta kazi, walikuwa wakiuza kazi zao Dar es Salaam, ambako mfanyabiashara Mohamed Peera alizinunua na kuwatia moyo. Hao tunawajua. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kama mwanzilishi wa mtindo wa shetani. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kwa ule mnara wa watu waliobebana, ambao baadaye ukaitwa ujamaa. Kisha yupo George Lilanga, aliyezaliwa Kikwetu, kusini, mwaka 1934 na kufariki 2005, ambaye jina lake lilitoka Nyumba ya Sanaa likaingia kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya. Kwa nini majina haya yapo? Aliyenunua alijua ananunua kwa nani, na waliokuja kutafiti waliuliza wakati watu bado wako hai. Hakuna muujiza zaidi ya huo. Kuuliza na kuandika.

Ukipita leo barabara ya Masasi kwenda Newala utakutana na mafundi seremala chini ya miti, vitanda na milango ya mninga na mkongo imeegemezwa kwenye shina. Muulize mtu yeyote kijijini nani katengeneza kitanda kile, atakutajia jina, jina la baba yake, na mwaka alioanza kazi. Kigeuze kitanda chenyewe: kiko kimya. Tunarudia yaleyale ya mapiko, na safari hii hakuna mzimu wa kusingizia.

Nikiwa mtu wa magazeti, najua dawa yake haihitaji bajeti wala semina ya siku tatu yenye posho. Mwandishi anayepiga picha ya kinyago aandike jina la mchongaji chini ya picha, kama anavyoandika jina la waziri anayekishika. Muuza duka aandike kwenye kadi ndogo: nani kachonga, kijiji gani, mwaka gani, mti gani. Mchongaji achonge jina lake kitakoni, kama wachache wanavyofanya tayari. Wewe unayenunua zawadi ya kumpelekea rafiki Ulaya, uliza jina kabla ya kuuliza bei. Utaona uso wa yule fundi utakavyobadilika.

Na wenye babu au bibi Newala, Tandahimba, Mahuta, Kitangari, Masasi: likizo ijayo usiende kula korosho tu. Kaa na wazee. Waulize nani alikuwa anachonga walipokuwa vijana, alijifunza kwa nani, na huyo naye kwa nani. Kama kuna la siri, liache likae kwenye siri yake, jando lina heshima yake. Jina la fundi halivunji ngoma ambayo miaka hamsini haijachezwa.

Mmoja wa wale wazee anajua jina ambalo Weule hakuliuliza. Ana miaka themanini na kitu, na pumzi yake fupi. Nani anakwenda?

Nawasilisha.